Jina la Wafula Kwenye Mashine

Wafula alizikwa kwao Bungoma siku ya Jumamosi, na sisi wa huku Doha tukamzika kwenye simu, mtaani Abu Hamour. Simu yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya kabati, sebuleni kwa dereva mmoja wa Kenya aliyetukaribisha, na kila picha ilipoganda watu walinigeukia mimi. Ukishajulikana kuwa wewe ni mtu wa kompyuta, hata umeme ukikatika Bungoma utaulizwa wewe uliye Doha. Nilisema ni mtandao wa kule, tusubiri, nami nikasubiri nao, macho kwenye jeneza lililokwama hewani katikati ya mikono ya watu. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu una tabia ya kutoka kwa sura ya hasira. Niliikasirikia simu, nikaukasirikia mtandao, nikamkasirikia na mtu aliyekuwa akitafuna njugu nyuma yangu. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Shabani, ndevu zote nyeupe, kofia ya kiua mkononi. Sikuwa nimekaa naye chumba kimoja tangu ule mwaka tulioishi na Wafula, ingawa sote wawili tumeendelea kuishi mji huuhuu. Doha ni ndogo, lakini ukiamua kutomwona mwenzako utafaulu. Aliniona, akasita, kisha akanipa mkono na kuniita Fundi, kama zamani. Nikaupokea mkono wake kwa sababu tulikuwa msibani.

Mwaka huo ninaousema tulikuwa vijana, na sisi watatu tulilala chumba kimoja katika nyumba ya wafanyakazi Umm Salal, nje ya Doha, upande unaopakana na mashamba. Upepo ukivuma kutoka huko harufu ya samadi iliingia mpaka kwenye mito. Kiyoyozi kilikuwa kikitiririsha maji ndani ya ndoo ya rangi, na zamu ya kumwaga ile ndoo ndiyo iliyoleta ugomvi mwingi kuliko dini, siasa na mpira kwa pamoja. Nyuma ya kitanda changu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake jiko la watu wote, kwa hiyo nilijua nani anakaanga nini na nani anamsema nani hata nikiwa nimefumba macho. Wafula ndiye aliyekuwa mpishi wetu wa ugali. Aliusonga mpaka jasho likamtoka, akaupindua kwenye sinia na kutukazia macho tuusifu. Shabani, mtu wa Unguja aliyelelewa kwa wali wa nazi, aliugonga kwa kidole na kusema, "Yakhe, hiki mtu akirushiwa kichwani si atakufa?" Wafula alimjibu, "Kula kwanza, utanishukuru baadaye. Huo wali wenu ni wa wagonjwa." Halafu Shabani alikula kutuzidi sote. Nimekula vyakula vya gharama katika mji huu tangu wakati ule, na sikumbuki hata kimoja kama ninavyolikumbuka lile sinia.

Wao wawili walikuwa walinzi katika jengo moja kule Pearl, mtaa wa matajiri, kwenye meza ya mlango wa nyuma, mlango wa watumishi, mizigo na takataka. Mimi nilikuwa fundi wa kampuni iliyolisimamia jengo hilo. Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuunganisha kompyuta za milangoni na kanzidata ya kampuni, iliyokaa kwenye seva ya mbali, upande mwingine wa mji, katika jengo ambalo sikuwahi kutia mguu. Katikati kulikuwa na programu nyingine, kwenye mashine ndogo iliyofungiwa katika chumba cha umeme chini ya maegesho. Hiyo ndiyo iliyopokea ombi la mlinzi, ikalipeleka kwa seva na kumrudishia jibu. Mashine ya mlangoni haikuijua seva, na seva haikuijua mashine ya mlangoni. Zote zilimjua huyo wa kati tu. Wakubwa walikuwa na jina lake refu la kitaalamu, sisi tulimwita Dalali. Niliumwa na kichwa kwa ajili ya Dalali kuliko kwa ajili ya mtu yeyote aliye hai. Ukikosea herufi moja ya anwani yake, alinyamaza kimya. Ukiipatia, aliweza bado kukunyamazia, kwa sababu alikuwa na njia chache tu za kwenda kwenye seva na zikijaa hana pa kukupitisha. Mlinzi anayeingia upya aliandika jina lake na nywila, kisha akabaki anatazama kigurudumu kikizunguka kwenye kioo mpaka njia ipatikane. Niliomba tuongezewe njia, tena na tena, nikajibiwa na watu ambao hawajawahi kusimama mlangoni huku dereva wa lori la maji anawatukana.

Walinzi wakajitibu wenyewe. Aliyefungua mashine asubuhi kwa jina lake hakulitoa. Wenzake wote walifanya kazi juu ya jina hilohilo mpaka mashine ichoke izime yenyewe, na Dalali, ambaye hana macho, alipeleka kila kitu kwa seva kama kazi ya mtu mmoja. Mkuu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Mudir, hakulijua hilo, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha aliyelala. Tabia hiyo ilifaa zaidi siku ya Ijumaa. Makanisa ya hapa husali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na msikiti nao Ijumaa ndiyo siku yake kuu. Wafula na Shabani walikuwa wamepangwa zamu moja, mmoja mezani na mwenzake kuzunguka maegesho. Basi walikubaliana: asubuhi Wafula anakwenda kanisani na Shabani anashika kazi zote mbili, kisha Wafula anarudi kabla ya adhana na Shabani anakwenda kuswali. Mkristo akimpisha Mwislamu, Mwislamu akimpisha Mkristo, na kwenye karatasi ya Mudir wote wawili wapo. Hakuna hata Ijumaa moja Wafula alichelewa kurudi. Shabani alikuwa akitujazia masikio kwa sifa hizo, kwamba ana rafiki kafiri anayemjali kuswali kwake kuliko ndugu zake wa damu.

Wafula hakutaka kuzeekea mlangoni. Jioni, tukiwa tumekunja miguu kitandani na glasi za chai ya karaki, alinitaka nimweleze Dalali anavyofanya kazi, na alikuwa mwanafunzi wa kuchosha kwa sababu hakubali jambo mpaka aligeuze pande zote. "Sasa Fundi, hiyo seva inajuaje ni mimi?" Nikamwambia haijui. Inaambiwa na Dalali, na Dalali anaambiwa na mashine, na mashine inaambiwa na aliyeandika jina. "Kwa hivyo mtu akikaa kwa jina yangu, ni mimi nimefanya?" Ndiyo, nikasema, kwa seva ni wewe. Akacheka, akasema hiyo maneno ni hatari kuliko uchawi wa kwao. Nilimwombea kwa mkubwa wangu ahamie kitengo chetu awe msaidizi wangu, na mkubwa akakubali. Ilibaki Mudir amwachie. Wafula alishaanza kuizungumzia kazi hiyo kama iliyokwisha kufika: atakaa wapi, atapumua vipi bila kusimama tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia jambo dogo namna ile, nami nilifurahi kuwa ndimi niliyemtafutia.

Katika jengo hilo, ghorofa ya juu, kulikuwa na dada wa Uganda mtumishi wa ndani, jina lake Resty. Alishuka kila jioni kutupa takataka, akasimama mezani dakika chache kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na Wafula alimsalimia kwa kumtania kuhusu matoke. Jioni moja nilikuwa nimelala na mafua, nikawasikia Wafula na Shabani ng'ambo ya mbao, sufuria inachemka.

"Leo amekuja mkono umefungwa na taulo," Wafula alisema. "Anasema ni mafuta ya moto. Mafuta gani inachomanga mtu nyuma ya mkono kila wiki?"

"Simu yake je?"

"Walichukua. Na pasipoti pia wako nayo."

Shabani alikoroga kitu kwa muda. "Wafula, n'sikilize. Hapa si kwenu wala si kwetu. Ukimfungulia yule, wewe ndiye utakayefuatia kutoka kwa mlango uleule."

"Najua."

"Wajua, halafu?"

"Halafu hakuna. Nimesema tu najua."

Ilikuwa hivi: mtumishi akitaka kutoka na begi, mlinzi alipaswa kuiuliza mashine. Kama mwajiri hajatoa idhini, seva ilijibu hapana, na kitasa cha umeme cha mlango ule kilibaki kimefungwa. Kulikuwa na njia moja ya kukifungua, kitufe cha dharura, ambapo mlinzi anatoa idhini mwenyewe kwa dhamana ya jina lake. Kiliwekwa kwa ajili ya moto au mgonjwa. Mashine ilikuuliza mara mbili kama una hakika, kwa maandishi mekundu, kabla haijakitii. Mimi ndiye niliyekijaribu siku ya kwanza, na nilimwonyesha Wafula kwa mkono wangu.

Ijumaa moja, kipindi ambacho mji mzima uko msikitini na barabara ni tupu, kitufe kile kilibonyezwa na Resty akatoka na begi lake. Mimi nilikuwa Umm Salal nafua mashuka. Kesho yake niliitwa ofisini kwa Mudir nikiwa na kumbukumbu ya seva ya kitufe kile, ambayo huandika jina na saa tu, si mtu aliingia lini, nikawakuta Wafula na Shabani wamesimama ukutani bila kofia. Chumba kilikuwa baridi mno, kilinuka udi, na juu ya meza kulikuwa na sahani ya tende ambayo hakuna aliyekaribishwa. Mudir alisema mwajiri wa yule binti amekasirika mpaka kwa wenye kampuni, na anataka mtu. Alisema hivyo hasa, anataka mtu. Akaniuliza jina lililopo. Nikamwambia lililopo ni la Wafula.

Nilijua walivyofanya siku za Ijumaa, na nilijua zaidi kwamba Wafula hakuwa mtu wa kubonyeza kitufe kile kwa bahati mbaya. Kwa hiyo niliamini, tangu nilipoiona ile kumbukumbu, kwamba safari hii Wafula alichelewa, alikuwa bado njiani kutoka kanisani, na aliyekuwa mezani ni Shabani, juu ya jina la mwenzake lililosahaulika tangu jana yake. Wala sikusema habari ya kanisa wala msikiti. Nilisema la kitaalamu tu. Nilimweleza Mudir kwamba jina kwenye seva si ushahidi wa mkono wa mtu. Kwamba walinzi wa milango yote hawatoki kwenye mashine kwa sababu kuingia tena ni taabu. Kwamba programu ya kati hupeleka kila ombi kwa jina lililofunguliwa mwanzo. Nadhani sijawahi kuieleza kazi yangu vizuri kama siku ile. Niliona usoni mwa Mudir kwamba amenielewa, na roho yangu ikatulia, nikaona Wafula amepona. Kisha Mudir akageuza kichwa taratibu akamtazama Shabani.

"Kwa hiyo mezani ulikuwa wewe?"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya: kamba niliyoifungua shingoni mwa mmoja ilikuwa imeangukia shingo ya pili. Shabani alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno Wafula akasogea mbele hatua moja.

"Ni mimi, sir. Mezani nilikuwa mimi. Nilikosea kubonyeza."

"Ulikosea?"

"Nilikosea, sir. Nilidhani ni ya kukataa."

Nilimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wake anayesema mbili na mbili ni tano. Mudir alimwita mjinga, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, akamwambia khalas, kazi imekwisha, atarudishwa kwao na hataingia tena nchi hii kwa kibali cha kampuni hiyo. Shabani aliinamisha kichwa, na kile kinywa alichokifungua alikifunga hivyohivyo. Sikumsamehe kwa kile kinywa. Ningeweza kusamehe kosa lolote la mezani, hata lile la kumfungulia binti, ambalo moyoni niliona ni jambo jema. Nisichoweza kusamehe ni mtu kusimama ukutani akamwacha mwenzake abebe.

Siku waliyomchukua, Wafula alipika ugali asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tukaula watatu bila mtu kutania. Gari la kampuni lilipopiga honi nilimsindikiza mpaka getini na sanduku lake. Alinishukuru kwa maneno yangu ofisini. "Uliongea poa sana, Fundi. Ungekuwa wakili." Nikamwambia sitaki sifa, nataka aniambie kwa nini amebeba mzigo wa mtu. Alicheka kidogo. "Hapana, mzigo ni yangu," akasema, akapanda gari. Nililichukua jibu hilo kuwa ndilo jibu la muungwana, na nikazidi kumchukia aliyebaki chumbani. Habari zilitufikia baadaye, kupitia kwa Waganda wenziwe, kwamba yule dada amepata hati ya muda ya kusafiria na kufika kwao salama. Hilo lilinipa faraja ya nusu siku.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo iliyonifanya mtu niliye leo, mtu asiyemwamini mwenzake haraka, na simwambii mtu kwamba ni jambo la kujivunia. Mimi na Shabani tulilala chumba kimoja tukisalimiana kama wapangaji. Kitanda cha Wafula kilipewa mtu mwingine aliyekoroma. Shabani aliniletea wali wa nazi mara moja, bakuli limefunikwa vizuri kwa sahani, nikamwambia nimeshiba, naye akasimama nalo mlangoni kitambo kabla ya kurudi jikoni. Nilipopata chumba mjini nilihama bila kumuaga. Wafula tuliandikiana mara kwa mara. Alifungua duka la kutengeneza kompyuta na simu, akawa ananiuliza maswali yake yaleyale ya kugeuza jambo pande zote, na nilipomgusia Ijumaa ile alinijibu mambo ya mvua na mahindi.

Basi hapo Abu Hamour, picha iliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Watu walisema amina, wakaanza kupakua pilau, na Shabani akaja kukaa kando yangu na sahani yake. Alikula kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Fundi, wewe umeninunia miaka yote hii kwa ajili ya siku ile."

Nikasema sikumnunia mtu.

"Umeninunia, na mie n'likuacha, maana n'liyokuwa nayo hayakuwa ya kusema yeye akiwa hai. Lakini sasa kazikwa." Aliweka sahani chini. "Hukujiuliza jina la Wafula lilifikaje kwenye ile mashine?"

"Lilibaki tangu jana yake. Hamkuwa mkitoka kwenye mashine."

"Jana yake umeme ulizimwa jengo zima, wakitengeneza. Ijumaa asubuhi n'liifungua mie, kwa jina langu. N'likaa nalo mpaka Wafula aliporudi kanisani, nikamwachia kiti nikenda kuswali. N'liporudi nikakuta lipo lake."

Sikumwelewa mara moja, mimi mwenye kazi hiyo. Nilimwuliza ni nani aliyelitoa la kwake.

"Nani mwengine? Yule binti kashuka na begi lake, Wafula yupo peke yake, mashine iko wazi kwa jina langu. Angebonyeza tu, mlango ungefunguka, na leo ningekuwa n'meshasahaulika kwetu Unguja. Akalitoa langu kwanza, ndipo akaingia kwa lake. N'likuwa nataka kuyasema pale kwa Mudir, akan'wahi. Akan'kataza, kan'apisha wallahi. Wakijua kwamba alitoka akaingia upya, basi hakukosea kubonyeza, kakusudia. Aliyekosea hurudishwa kwao. Aliyekusudia walikuwa watampeleka polisi."

Mwenyeji wetu alipita akatuongezea pilau, nami nikashindwa kumwambia kwamba imetosha. Nilikuwa nakifikiria kigurudumu kile cha kwenye kioo. Hakuna aliyekijua kama mimi. Nilikuwa nimekaa nacho siku nyingi chini ya maegesho, nikingoja Dalali apate njia, nikimlaani, na sikuwa na mtu yeyote aliyesimama mbele yangu na begi mkononi wala lifti nyuma yake inayoweza kufunguka wakati wowote. Machozi yalinitoka hapo, mbele za watu, kwa mara ya kwanza siku ile. Nilimwomba Shabani aniambie chochote kingine alichoambiwa na Wafula kuhusu kungoja kule.

"Aliniambia ilichukua muda mrefu," Shabani alisema. "Yule dada akawa anamwomba, abonyeze tu, abonyeze, mabosi wake watashuka. Naye akamwambia, 'Ngoja kidogo, dada. Bado ni jina ya Shabani.'"